Mbuzi Ndani ya Kava la Biblia

Najua wengine mmeshaletewa habari na yule shoga yangu wa Majengo, eti nimekamatwa jumuiyani na kitabu cha uchawi. Mwongo! Ni riwaya. Tena mbovu.

Niliiokota sokoni Memorial, hapa Moshi, kwa shilingi 3,000, nimependa jalada: fuvu la mbuzi, mishumaa, damu. Kurasa 400 za wachawi kusakwa na kanisa! Nikasema wikiendi imepata mwenyewe. Wapi. Hadi ukurasa wa 200 mchawi na padri wanaangaliana tu dirishani. Halafu eti watu wa Salem, mji wa Marekani, walioshitakiwa uchawi, wanachomwa moto, wakati mwaka 1692 kule walinyongwa 19, hakuchomwa hata mmoja. Na Giles Corey, mzee wa miaka 80 na ushee, aliyekandamizwa kwa mawe mpaka akafa? Mwandishi hakumgusa!

Sasa kwenye hiace ya Pasua ukitoa kitu chenye fuvu, abiria watashuka. Nikakivika kava la Biblia, lile la zipu. (Msicheke bado.)

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama mwenyekiti: "Binti, tusomee Injili." Nikasimama kwa madaha, si nasifiwa sauti? "Somo katika Injili ilivyoandikwa na Luka..." huku navuta zipu. Ikakwama. Nikavuta. Ikachomoza pembe. Nikajaribu kurudisha, zipu ikagoma. Nikaisukuma kwa kidole gumba, ikachomoza pembe ya pili. Mtoto aliyekaa mbele akasema kwa furaha, taratibu: "Mbuzi."

"Ruwa!" bibi mmoja akamwita Mungu kwa Kichagga.

"Ni riwaya tu," nikasema, "wala si nzuri."

"Kichomwe!"

Hapo ningenyamaza, wapendwa, ningekunywa chai nyumbani. Lakini mdomo huu! "Hapana mama, kuchoma ndiyo kosa la mwandishi. Wachawi wa Salem walinyongwa."

Kimya. Hata kuku wa mwenye nyumba aliacha kuparua. Bibi akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya ugoro.

"Na wewe, ya wachawi umeyajuaje?"

Dakika mbili tu: nimehojiwa, nimeshitakiwa, nimekutwa na hatia, nimenyunyiziwa maji ya baraka mpaka wigi limelala. Mwandishi kurasa 400 zimemshinda!

Mengine mafupi. Nimetozwa kilo mbili za sukari, zipu bado mbovu, kitabu kimeishia mafigani kwa mama mwenyekiti. Kiberiti nilitoa mimi.