Risasi za aina moja kwa silaha zote!

Nimerudia kucheza Deus Ex: Invisible War, gemu ya 2003, nikidhani labda miaka ile niliionea tu. Wala. Hasira zimerudi vilevile.

Deus Ex ya kwanza, ya 2000, ilikuwa na stadi 11, kila moja na ngazi zake, na pointi hazikutosha kamwe. Ukizimalizia kwenye kufungua kufuli, bunduki inakuyumbia mkononi. Mwili nao ulihesabiwa kiungo kwa kiungo: miguu ikiharibika kabisa, unatambaa sakafuni ukitafuta dawa huku adui anakujia. Nilipanga kila hatua, na nikifa nilijua kosa ni langu.

Mwendelezo ukafuta stadi zote. Mwili mzima ukabaki na mstari mmoja wa afya. Lakini kinachonikera kuliko vyote ni risasi. Bastola, bunduki ya mdunguzi, hata roketi, zote zinakula chungu kimoja! Ukifyatua ovyo, silaha zote zinakauka kwa pamoja. Ile raha ya kubana risasi tatu za mdunguzi kwa ajili ya shabaha moja muhimu imekwenda.

Najua ilitengenezwa pia kwa ajili ya Xbox, mashine ya gemu yenye kumbukumbu ya megabaiti 64 tu, ndiyo maana ramani zimekatwakatwa na kila mara unasubiri ipakie. Hilo nasamehe. Ila stadi na risasi zilihitaji kumbukumbu kiasi gani? Walituona hatuwezi kufikiri, sisi tulioipenda ya kwanza kwa sababu ilitufikirisha.