Pofu akiangushwa, nyama iende wapi?

Habari hii iliyochapishwa, ya watalii wanaolipia kuwinda pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, na palahala, swala mwingine mwenye pembe ndefu, kwenye vitalu (maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji) vya Tanzania, imeishia kwenye bei na picha za pembe. Imeacha jambo kubwa: aliyepigwa ni mnyama gani? Kwa tandala mkubwa, swala mwenye pembe zilizojisokota, si kazi kumjua dume, maana jike hana pembe. Lakini pofu wote wana pembe, na za jike mara nyingi ni ndefu na nyembamba kuliko za dume. Mtu akifuata urefu wa pembe tu, ataangusha mama mwenye mimba. Dume mzee utamjua kwa shingo nene, ngozi inayoning'inia kooni na kishungi cha nywele nyeusi kipajini. Akitembea, miguu inaalika, tak, tak, unamsikia kabla hujamwona. Hapo ndipo mwindaji bingwa, yule mtaalamu anayemwongoza mtalii porini, anatakiwa kumzuia mteja, hata awe amelipa dola ngapi.

Halafu nyama. Dume la pofu linaweza kupita kilo 700 likiwa hai. Mgeni anaondoka na nyara: pembe, fuvu, ngozi. Kinachobaki ni kitoweo cha kijiji kizima, na wanakijiji hao ndio ambao tembo huwamalizia mahindi shambani. Kwa nini wasubiri mabaki ya kambi? Mgao uandikwe kwenye mkataba wa kitalu, na mwenyekiti wa kijiji asaini mbele ya wananchi siku nyama inapofika. Mwandishi, tafadhali rudi ukawaulize wao wamepata nini.