Video za Mtandaoni Darasani: Nani Anashika Kitufe?

Lalamiko moja husikika mara kwa mara katika mikutano ya wazazi huku Kisumu na viungani mwake: kwamba kuna walimu wanaowasha video ya YouTube, wakaketi, na kengele ikalia kabla hawajaandika hata neno moja ubaoni. Walimu nao wana jibu, na jibu lao lina uzito. Wanafundisha sayansi mahali pasipo na maabara, mbele ya wanafunzi sitini au zaidi, na wanaona kwamba dakika tano za picha zinazosonga hueleza mzunguko wa damu vizuri kuliko mchoro wa chaki uliochorwa kwa haraka. Mzazi anaona uvivu, mwalimu anaona msaada. Suala lenyewe si dogo, kwa kuwa linahusu saa ambazo mtoto hatazipata tena, na linahusu pia heshima ya kazi ya ualimu.

Ni vyema kukumbuka jinsi video zilivyofika darasani. Mwaka 2013 serikali iliyoingia madarakani iliahidi tarakilishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia 2016 vishikwambi vikasambazwa katika shule za msingi za umma, nyingi zikiwa zimeunganishwa kwa umeme kwa ajili ya mradi huo. Katika shule nyingi vifaa hivyo viliishia kufungiwa stoo kwa hofu ya wezi. Mabadiliko ya kweli yalikuja Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona: taasisi ya mitaala ya KICD ikapeleka masomo redioni, kwenye televisheni na mtandaoni, na walimu ambao hawakuwahi kufikiria kufundisha kwa simu wakajikuta wakitafuta video za kuwatumia wanafunzi kwa WhatsApp. Wanafunzi wote waliporejea Januari 2021, mazoea yale yalibaki. Kisha Januari 2023 ikaja Gredi ya 7, darasa la kwanza la Sekondari Msingi katika mtaala mpya, ikawekwa katika majengo ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazina chumba cha maabara wala mwalimu aliyesomea Kemia au Fizikia. Video zikaingia katika pengo hilo bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua ziingie vipi.

Hoja ya wanaoziunga mkono ni ya kweli, na sioni sababu ya kuipunguza. Yapo mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona bila msaada: seli ikigawanyika, vali za moyo zikifunguka na kufunga, mabamba ya ardhi yakiachana polepole hadi Bonde la Ufa likafanyika. Mwanafunzi wa Nakuru anaweza kupelekwa ukingoni mwa Menengai akaitazama kasoko kwa macho yake, lakini hata akisimama pale juu hataona joto la chini ya ardhi linavyofanya kazi. Mchoro unaosonga utamwonyesha. Mbegu ya maharagwe inayochukua siku kadhaa kuchipuka inaweza kufupishwa ikaonekana kwa sekunde ishirini, na mwanafunzi akaona mzizi ukitangulia kushuka kabla ya jani kupanda. Mambo kama haya, kuyafundisha kwa maneno matupu ni kumwomba mtoto akariri asichokielewa.

Nilipata nafasi ya kuketi nyuma ya darasa la sayansi katika shule moja ya kutwa kando ya barabara ya Ahero. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi za manila na koti la mwalimu mwenyewe, projekta imewekwa juu ya dawati lililoinuliwa kwa vitabu, na mtandao haukuhitajika kwa kuwa mwalimu alikuwa ameipakua video nyumbani. Video ilikuwa ya mzunguko wa damu, ya dakika sita, katika kipindi cha dakika arobaini. Damu ilipofika kwenye vali, mwalimu alibonyeza kitufe, picha ikaganda, akauliza: "Vali hii isipofunga sawasawa, damu itaelekea wapi?" Pakawa kimya, kisha mabishano, msichana mmoja akaja mbele akafuata njia ya damu kwa kidole ukutani, mwenzake akampinga, darasa likagawanyika. Ndipo picha ikaachiwa iendelee. Baadaye wanafunzi walihesabu mapigo ya mshipa wa mkono, wakaruka palepale kwa dakika moja, wakahesabu tena na kulinganisha. Mzazi yeyote ambaye angekuwa pale asingesema kwamba mwalimu yule hakufanya kazi.

Kilicholibeba somo lile kilikuwa kule kusimamisha video, na utafiti unaeleza kwa nini. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi za mtandao wa edX, wakaonyesha kwamba video fupi hushika watazamaji zaidi, na kwamba umakini hupungua sana video inapopita takriban dakika sita. Hao walikuwa watu waliojiandikisha kwa hiari yao. Kumtarajia mtoto wa miaka kumi na mitatu, baada ya chakula cha mchana, katika chumba chenye joto la Kisumu, afuatilie video ya dakika thelathini bila kukatizwa ni kutarajia mengi mno.

Utafiti ulionifikirisha zaidi ni wa Derek Muller, ambaye alimaliza shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2008 kabla ya kujulikana kwa video zake za sayansi. Aliwaonyesha wanafunzi video za fizikia za aina tofauti. Waliotazama maelezo yaliyonyooka walisema video ilikuwa wazi na rahisi kufuata, lakini alama zao zilipanda kidogo sana, na wengine wakatoka wakiwa na uhakika zaidi wa mawazo yao yaleyale ya makosa. Waliotazama video iliyotanguliza dhana potovu, ikazijadili, kisha ikazirekebisha, walisema iliwachanganya. Na hao ndio waliojifunza zaidi. Mtu yeyote aliyesimama mbele ya darasa atalitambua jambo hili. Mwanafunzi huingia darasani akiwa tayari na maelezo yake kichwani, na video tamu humpitia juu kwa juu bila kuyagusa. Anasikia anachofikiri anakijua. Akitoka anakwambia ameelewa, nawe ukiona nyuso zimetulia unaamini, hadi mtihani unapofika.

Hapa ndipo lalamiko la wazazi linapopata mashiko, ingawa si kwa sababu wanayoitaja. Uvivu wa mwalimu mmoja mmoja unaweza kurekebishwa na mwalimu mkuu. Kigumu zaidi ni utulivu wa uongo ambao video huleta darasani hata mikononi mwa mwalimu mwenye bidii: kelele zimekwisha, macho yote yako mbele, maelezo yametolewa na mtu mwenye sauti nzuri na michoro ya rangi, na kila mtu, mwalimu akiwemo, anaondoka akihisi kwamba somo limefundishwa.

Kuna pia suala la mahali. Nyingi ya video zinazopatikana kwa urahisi zilitengenezwa Marekani na Uingereza kwa ajili ya watoto wa huko, nazo hufikiria kwa macho ya huko. Chukua somo la majira. Video itaeleza kwamba wakati wa kiangazi mchana huwa mrefu na wakati wa baridi huwa mfupi, na hilo ni sahihi kwa London. Lakini mtoto anayesoma Maseno, mahali ambapo mstari wa Ikweta unapita na kuna alama yake barabarani, huona jua likichomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Asipoambiwa kwa nini kwake mambo ni tofauti, atahitimisha kwamba jiografia ni habari za watu wengine. Mwalimu akiigandisha video hapo na kuuliza, "Mbona hapa kwetu mchana haurefuki wala haufupiki?", tofauti hiyohiyo inageuka kuwa somo bora kuliko video yenyewe, kwa sababu jibu lake liko katika jinsi dunia ilivyoinama, na mtoto atalipata kwa kuanzia anapokaa.

Vivyo hivyo katika ikolojia. Sina tatizo na mtoto kuonyeshwa mbwamwitu wa Marekani na jinsi walivyobadilisha mbuga yao ya Yellowstone, lakini Ziwa Victoria lina kisa kikubwa zaidi na kiko mlangoni petu. Mbuta, yule samaki mkubwa ambaye wengine humwita sangara, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawa chanzo kikuu cha kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo ambao Waluo huwaita fulu, na wakati huohuo akazaa biashara kubwa ya minofu ya kuuzwa nje. Gugumaji nalo likaenea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na hadi leo huziba njia za mashua. Mwanafunzi anaweza kusimama ufuoni Dunga, akamuuliza mvuvi mzee alivua nini ujanani mwake, na mnyororo wa chakula ukaacha kuwa mishale kwenye karatasi. Hakuna video itakayofanya hivyo kwa niaba yake.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiingereza cha mtangazaji wa Marekani anayezungumza kwa kasi huwapita wanafunzi wengi, hasa wa vijijini, na mwalimu mwangalifu hupunguza kasi ya video au huzima sauti kabisa na kueleza mwenyewe. Video za Kiswahili zipo, zikiwemo katuni za Ubongo kutoka Tanzania zilizoanza 2014 na zinazowafaa wadogo, lakini kwa madarasa ya juu ni chache mno.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwingine. Niliona katika shule nyingine jaribio la kutambua wanga likionyeshwa kwa video: tone la ayodini likiangushwa juu ya kipande cha kiazi, nacho kikageuka rangi ya samawati inayokaribia weusi. Wanafunzi walitazama, wakaandika, wakafunga madaftari. Nje ya dirisha la darasa lilelile palikuwa na shamba la muhogo. Ayodini huuzwa katika duka la dawa, chupa ndogo ikatosha darasa zima, na muhogo, ugali wa jana na kipande cha mkate vingetosha kuwafanya wanafunzi wabishane ni kipi kitabadilika rangi na kipi hakitabadilika. Mtoto aliyeangusha tone kwa mkono wake mwenyewe halisahau. Na atakapofika kwenye mtihani wa vitendo, hatapewa skrini, atapewa vifaa.

Simlaumu mwalimu yule kwa urahisi, maana katika shule za Sekondari Msingi si ajabu kumkuta mwalimu wa Kiswahili au Historia akiwa amepewa Sayansi Jumuishi kwa sababu hakuna mwingine. Mtu huyo akiwasha video anajisitiri, na anawasitiri wanafunzi wasipotoshwe. Hata hivyo, kadiri anavyofanikiwa kujisitiri, ndivyo pengo linavyofichika kwa wanaopaswa kuliziba. Shule yenye projekta na bila mwalimu wa sayansi huonekana katika ripoti kama shule ya kisasa. Nasema kwa uwazi kwamba video ikitumiwa kuahirisha kuajiri walimu na kujenga maabara, basi wazazi wana haki ya kuipinga kwa nguvu zote, hata kama ni video nzuri namna gani.

Gharama nitaitaja kwa ufupi tu, kwa kuwa inajulikana. Serikali iliweka kiwango cha shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa, na fedha hizo zina mazoea ya kuchelewa. Intaneti huwa ya mwisho kukumbukwa, hivyo bando hutoka mfukoni mwa mwalimu. Umeme hukatika. Tangazo la kamari linaweza kuchomoza katikati ya somo. Mengi ya haya hutatuliwa kwa kupakua mapema video ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe, au kwa kutumia mfumo kama Kolibri, ambao huhifadhi masomo kwenye kompyuta moja ya shule na kuyasambaza kwa vifaa vingine bila intaneti.

Lisilotatuliwa na kifaa chochote ni maandalizi. Vipindi vya redio vya shule, vilivyokuwa vikitayarishwa na taasisi ya KIE kabla haijawa KICD, viliandamana na kijitabu cha mwalimu kilichomwelekeza afanye nini kabla ya kipindi, wakati wa kipindi na baada yake. Video ya mtandaoni huja bila mwongozo wa aina hiyo, na mfumo wa kutathmini walimu wa TPAD hauuzibi upungufu huo: unataka kujua kama mwalimu anatumia teknolojia katika ufundishaji, na mwalimu anayewasha video ya nusu saa anaweza kuwekewa alama sawa na yule wa Ahero. Ingefaa andalio la somo lionyeshe video itasimamishwa dakika ya ngapi na wanafunzi wataulizwa nini hapo, na afisa anayekagua aangalie hilo badala ya kuangalia projekta. Kazi hiyo si nzito ikigawanywa: walimu wa somo moja katika kata moja wakikutana kabla ya muhula kuanza, kila mmoja aje na video mbili alizozitazama hadi mwisho, maswali yake yakiwa tayari, mifano ya ng'ambo ikiwa imebadilishwa kwa ya ziwani na ya mashambani kwetu, na bando lililotumika likilipwa na shule.