Mtaala wa hisabati wa udadisi tuupime kwa mwisho wa somo

Mitaala ya hisabati inayojengwa juu ya dhana na udadisi huvutia tangu kurasa za mwanzo. Mwanafunzi anapewa swali ambalo bado hajafundishwa njia ya kulijibu. Anachora, anakisia, anabishana na mwenzake, na kanuni inakuja baadaye. Kamati ya kuchagua vitabu ikifungua sura mbili tatu na kupendezwa na maswali hayo, inakuwa karibu imeshaamua. Naona huko ni kupima mahali rahisi. Swali zuri la kufungulia somo halina ugumu kulitunga. Ugumu uko katika kumtoa mwanafunzi kwenye alichokigundua hadi kwenye hesabu anayoweza kuifanya bila kusitasita mwezi mmoja baadaye.

Naunga mkono kufundisha kwa dhana, tena kwa moyo wote. Mwaka 1976 Richard Skemp, mtaalamu wa elimu ya hisabati wa Uingereza, alitenganisha kuelewa kwa aina mbili: kuijua kanuni na kuitumia tu, na kujua la kufanya pamoja na sababu yake. Mwenye kanuni peke yake hukwama swali likibadilishwa sura kidogo. Ila watetezi wengi wa udadisi wanayatazama mazoezi kama adui wa uelewa, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Anayetafuta 7 × 8 kwa vidole katikati ya swali refu hana tena nafasi akilini ya kuona mpangilio ambao swali lilitaka auone.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetathmini ni huu: usipekue kitabu kizima. Chagua mada moja, kwa mfano kugawanya kwa sehemu, uifuate kuanzia swali la kwanza hadi mtihani.

Tuseme somo linafunguliwa hivi: utepe wa mita 1¾ unakatwa vipande vya nusu mita, vitapatikana vipande vingapi? Wanafunzi watachora na kupata vipande 3 kamili, kisha itabaki robo mita. Hapo darasa litagawanyika. Baadhi wataandika 3¼, wengine 3½, na mchoro ni ule ule. Walioandika 3¼ wamelipima baki kwa mita, ilhali swali linahesabu vipande, na robo mita ni nusu ya kipande. Kiini cha mada nzima kiko hapo.

Sasa fungua mwongozo wa mwalimu kwenye somo hilo. Je, jibu la 3¼ limetajwa? Limeelezwa linatokana na nini? Mwalimu amepewa swali la kuuliza, mathalani "robo hii ni robo ya nini?", na ameambiwa mchoro upi uwekwe ubaoni kwanza? Mwongozo unaosema tu "jadilini majibu ya wanafunzi" umemtwika mwalimu mzigo wote wa mtunzi. Mwalimu mzoefu ataubeba. Mgeni atasema 3½ ndilo sahihi na kusonga mbele, na udadisi utakuwa umefia hapo.

Endelea na kurasa zinazofuata, utafute daraja la kwenda kwenye kanuni. Hatua ya kwanza ni kuandika 1¾ kama robo 7 na ½ kama robo 2: robo 7 kugawa kwa robo 2 ni 7 ÷ 2, yaani 3½. Asili (namba za chini) zikishalingana, tunagawa kiasi (namba ya juu) kwa kiasi. Hatua ya pili ni kuuliza mita moja inatoa vipande vingapi. Vikiwa vya nusu mita, ni 2, kwa hiyo mita 1¾ zinatoa 1¾ × 2. Vikiwa vya ⅔ ya mita, ni 1½, yaani 3/2. Sasa kanuni ya "geuza sehemu ya pili, kisha zidisha" ina sababu. Kitabu kikiruka kutoka michoro ya nusu na robo hadi kwenye kanuni, mwanafunzi atabaki na vitu viwili visivyojuana: mchoro wa siku ya kwanza na kanuni ya kukariri.

Baada ya daraja, hesabu mazoezi, na uangalie zaidi yamewekwa wapi. Maswali 10 ya kugawanya yaliyofuatana hayamlazimishi mwanafunzi kufikiri ni tendo gani linahitajika, kwa kuwa kichwa cha zoezi kimeshamwambia. Yanayofaa ni yaliyochanganywa: "Lita ¾ zinajaza vikombe vingapi vya lita ⅓?" likikaa jirani na "Chukua ⅓ ya lita ¾." La kwanza ni kugawanya, jibu 2¼, la pili ni kuzidisha, jibu ¼. Kisha tafuta maswali ya sehemu katika sura mbili tatu za mbele. Yasipokuwepo, mada imeachwa isahaulike.

Muda nao uhesabiwe kwa ukali. Somo lililotungwa kwa dakika 60 likifundishwa katika kipindi cha dakika 40, kinachokatwa si mchezo wa mwanzo. Hukatwa mjadala wa mwisho na kuandika hitimisho daftarini, yaani pale ambapo kujifunza kulikuwa kunakamilika. Lugha niiguse kwa ufupi: swali lenye mistari minane kabla ya namba ya kwanza humpima msomaji, na anayesomea lugha ya pili ataonekana hajui hesabu anazozijua.

Mkiamua kuujaribu mtaala shuleni, msichukue sura ya kwanza, maana mara nyingi ndiyo iliyopambwa zaidi. Chukueni ya katikati, na mtihani mtunge wenyewe, kwa kuwa ule unaokuja na kitabu huuliza kwa sura ile ile ya kitabu. Urudieni baada ya wiki 6, mkiweka swali la kukokotoa, la kuchagua tendo na la kueleza.

Mnaposahihisha, yaandikeni makosa yenyewe pamoja na alama. Kwa 1¾ ÷ ½, aliyeandika 2/7 amegeuza sehemu ya kwanza badala ya ya pili, na hakushtuka kwamba utepe unaozidi mita moja umemtolea chini ya kipande kimoja. Huyo arudishwe kwenye mchoro. Aliyeandika 3¼ mchoro anao tayari. Kinachomkosa ni kujua baki linapimwa kwa nini. Mkikuta 2/7 nyingi, daraja la kitabu ni bovu; mkikuta 3¼ nyingi, kagueni jinsi mjadala ulivyofungwa, na kama kengele iliwahi kuukatiza.