Kiwanja cha Packers kingepangishwa, si kuuzwa

Ukipanda daladala ya Kawe, hapa Dar es Salaam, utamsikia abiria akisema "Packers shusha", na konda anagonga bati bila kuuliza ni wapi. Nusu ya watu ndani ya gari hawajawahi kuona kopo la nyama lililotoka pale. Kiwanda cha Tanganyika Packers kilikufa miaka ya 90. Jina likabaki kuwa kituo, kisha uwanja wa mikutano ya injili na kampeni, na sasa ni anwani ya maghorofa.

Ardhi hiyo, ekari zaidi ya 200, ipo mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwanza yakaanza majengo ya mradi wa Kawe 711, ambayo yalikwama miaka kadhaa yakiwa magofu ya zege. Halafu mwaka 2022 ukaja mradi uliopewa jina la Rais Samia, wenye nyumba 560 kwa awamu ya kwanza pale Kawe. Nyumba zikatangazwa kwa kuuzwa, na wanunuzi hawakukosekana. Shirika lilifanya biashara, na sioni kosa katika hilo. Kinachonisumbua ni neno "nafuu" linapobandikwa kwenye kitu cha kununua.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba ya shilingi milioni 80, umekopa zote benki kwa riba ya asilimia 15, unalipa miaka 20. Kila mwezi unatoa milioni moja na elfu 50 hivi. Kima cha chini cha mshahara serikalini, hata baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000. Na huyo angalau ana hati ya mshahara ya kupeleka benki.

Yupo mama lishe ninayekula kwake, anawapikia mafundi wa maeneo yale. Ubwabwa wake wa maharage huisha kabla ya saa nane. Anaishi chumba kimoja cha elfu 70 kwa mwezi, choo mnachangia. Nilipomuuliza ni nini kinamuumiza kwenye nyumba, sikusikia neno bei wala ukubwa. "Ni ile miezi sita," aliniambia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na mara ya kwanza dalali naye akadai ya mwezi mmoja. Laki nne na tisini kwa mkupuo mmoja, kwa mtu anayeuza sahani! Elfu 70 kila mwisho wa mwezi angeilipa bila kelele. Kikoba chake analipa kila Jumamosi.

Watu wa Dar tulio wengi tupo hapo. Unafuu tunaoutafuta ni wa namna ya kulipa, na kupata mahali ambapo nauli haili nusu ya kipato. Kawe ni jirani na Mikocheni na Mbezi Beach, kwenye nyumba zenye walinzi, madereva, wafua nguo na dada wa kazi. Hao ndio wanaoamka saa kumi usiku kutoka Bunju na Chanika.

Ndiyo maana nasema nyumba za kiwanja kile zingepangishwa. Ardhi ni ya umma tayari, hakuna mtu wa kulipwa fidia ya mashamba. Na shirika halihitaji kujifunza upya. Lilianzishwa mwaka 1962, na mwaka 1990 likaunganishwa na Msajili wa Majumba, aliyekuwa akisimamia majengo yaliyotaifishwa kuanzia 1971. Mpaka leo wazee wa Kariakoo na Upanga wanaziita "nyumba za Msajili". Kupangisha ndiyo kazi lililokulia nayo. Nyumba ikishauzwa, ile sehemu ya kiwanja cha umma imekwenda moja kwa moja, na mnunuzi ana haki ya kumpangisha mwenziwe kwa bei aitakayo.

Najua nitajibiwa nini. Nyumba za Msajili zenyewe tuliona zilivyochezewa: mpangaji wa jina anakaa kwingine, ndani kuna mtu analipa mara tatu. Kweli kabisa, na dawa yake ni ukaguzi wa mlango kwa mlango, ambao haujawahi kumpendeza mtu yeyote. Swali la pili ni nani afidie pengo la kodi ndogo. Hapo ningeanza na fremu. Pale barabarani fremu moja ya duka la dawa au ya wakala wa simu inaweza kuingiza kodi ya vyumba kadhaa. Ghorofa ya chini yote iwe fremu, zilipishwe bei ya soko, zibebe vyumba vya juu.

Na vyumba viwe vyumba. Chumba na sebule, au chumba kimoja chenye choo chake, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoishi. Jengo moja tu la namna hiyo, kodi ilipwe kila mwezi kwa simu, lijaribiwe miaka miwili.

Nilimweleza mama lishe wazo hili akiwa anaosha sufuria. Alisikiliza, akatazama juu kwenye ghorofa lile jipya, akaniuliza kama kule wanaruhusu jiko la mkaa.