Mkemia wa simu na dumu la siki la mama mkwe

Jamani hii nimekaa nayo tangu mwezi wa pili kwa aibu, ila kwa vile shemeji yangu ameshaisimulia ukumbini siku ya harusi, kipaza sauti mkononi, mbele ya upande wa bwana harusi wote, basi na nyie sikieni, tena mimi nitawapa ilivyokuwa, yeye aliongeza chumvi.

Iko hivi. Mdogo wake mke wangu alikuwa anaolewa, mama mkwe akaja toka Tanga, na kwenye kamati ya chakula alijichukulia kazi moja tu, achari. Ya embe, ya ndimu, ya pilipili, ndoo kwa ndoo. Sisi tunakaa Tabata, jiko letu ni la watu wawili kusimama, tena wawe wamepatana, mama akaligeuza kiwanda. Mimi kazi yangu ikawa kutumwa. Siku hiyo nikatumwa Kariakoo siki, dumu la lita tano.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, nikishika kitu chenye maandishi lazima nisome, hata kiberiti nasoma ubavuni. Nimekaa kwenye daladala dumu nimelipakata kama mtoto, nasoma lebo, naona asetiki asidi. Moyo paa! Maana mimi siki naijua ni siki, asidi naijua ni ile ya betri. Na bahati mbaya wiki ileile jamaa mmoja kazini alikuwa kanionyesha PubChem, ni hazina ya data za kemikali ya taasisi ya afya ya Marekani, ipo bure mtandaoni tangu 2004, ina kemikali zaidi ya milioni 100, unaandika jina tu inakumwagia kila kitu, inachemka nyuzi ngapi, inaganda ngapi, ikikuingia machoni ufanyeje. Nikaandika.

Heri ningelala tu kwenye siti kama abiria wengine. Kitu cha kwanza kutokea ni alama zile zenye mpaka mwekundu zilizosimama kwa ncha, moja ina moto, nyingine ina mkono wa mtu unamwagiwa kitu na unalika hivi hivi unaona. Chini yake, inaunguza vibaya ngozi na kuharibu macho. Nikashuka chini zaidi, mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 39. Nikafungua hali ya hewa kwenye simu ileile, Dar nyuzi 33. Yani nimepakata kitu kimebakiza nyuzi sita tuungue gari zima, na konda yuko mlangoni anacheka na abiria, hajui lolote maskini. Nikashuka vituo viwili kabla ya kwangu nikatembea kivulini, dumu nimelishika mbali na mwili mpaka bega likafa ganzi.

Kufika nyumbani mama kapumzika chumbani. Sasa wewe mwanaume uliyeoa nakuuliza, utaanzaje kumwambia mama mkwe, mama wa Tanga, aliyetengeneza achari kabla wewe hujazaliwa, kwamba anawapikia watu sumu? Huwezi. Nikaamua nimalize kimyakimya kabla hajaamka.

Nikarudi kwenye ukurasa. Unasema vaa glovu, vaa nguo za kujikinga, kinga macho na uso. Nikavaa glovu za kusafishia choo, koti la mvua, nikaenda kuazima helmeti ya jirani bodaboda, ile ya kioo. Unasema pia chombo kifungwe kabisa. Na nikaona mahali kwamba ikimwagika inazimuliwa na sodiamu bikaboneti, nayo nikaitafuta, kumbe ni bekingi soda tu, ukurasa wake msafi, hana kesi huyu. Kabatini ipo pakiti ya gramu 100 ya mke wangu. Nikasema Mungu huyu hapa.

Nikafungua dumu, nikamimina pakiti nzima. Ikafanya shwaaaa, povu linapanda mbio. Hapo ndipo nikakumbuka lile agizo la pili, chombo kifungwe kabisa, nikachukua kifuniko nikakaza kwa nguvu zangu zote, ninazo.

Dumu likaanza kunenepa.

Mwanzo kidogo, kama mtu aliyeshiba. Halafu ubavu ukatoka, halafu kitako kikawa duara likashindwa kusimama, nikalikumbatia lisianguke, na ni hapohapo mama mkwe anaingia jikoni. Anachokiona ni mtu wa helmeti na koti la mvua, jua la saa kumi, amekumbatia siki. Akapiga yowe moja, "MWIZIII!" Mimi kwa heshima nikainua kioo anione, nikasema, "Shikamoo mama."

Kabla hajaitikia kifuniko kikaruka. Kilipiga dari kikarudi kikapiga sufuria, na povu likafuata, likanivaa helmeti, likamvaa mama kanga yote, likaingia ndoo ya embe, ndoo ya pilipili, nusura ndoo ya ndimu. Mama katulia tu ananiangalia huku povu linamshuka puani. Mimi siwezi hata kumfuta, ni mama mkwe yule, nimeshika tambara nimesimama. Na majirani si wamesikia mwizi, wameshafika mlangoni na mwiko na jembe, mwenye helmeti yake yumo, ndiye aliyewatuliza.

Aliyenimaliza ni huyo shemeji, yuko form foo. Akachukua simu, akasoma dakika moja akakaa chini kucheka. "Shem, huu ukurasa ni wa asidi yenyewe kavu, hata maji haijatiwa. Hiyo ukiipeleka Makambako mwezi wa saba inaganda kama barafu, maana inaganda kwenye nyuzi 16 na kitu. Hii ya dumu ni asilimia tano, iliyobaki karibu yote maji, soma hapa." Kweli, imeandikwa kwenye lebo ileile, 5%, kidole changu kilikuwa kimeifunika tangu Kariakoo. Halafu akapiga hesabu bila kuombwa, kwamba gramu 100 za bekingi soda kwenye siki zinatoa gesi karibu lita 30, na mimi nimeifungia kwenye dumu lenye nafasi labda ya lita moja.

Mama alinunua siki nyingine mwenyewe, alienda mwenyewe na kurudi nayo mwenyewe.

Toka siku hiyo hapiki kwangu bila kibali. "Baba Nasra, chumvi imepita?" "Sukari je, umeisoma?" Nami kwa ujinga wangu nimezisoma kweli. Kipimo kinachoua nusu ya panya wa maabara, chumvi ni gramu 3 kwa kila kilo ya mwili, sukari karibu gramu 30, kwahiyo kwa mtu wa kilo 80 kama mimi, kama ningekuwa panya, ni sukari kilo mbili na kitu kwa mkupuo. Nikamwambia mama, sukari ruksa ila usizidishe kilo mbili kwenye kikombe. Hakucheka.

Juzi kapiga simu toka Tanga, anataka kujua ndimu. Nikaingia, asidi sitriki, nayo ina alama, ya mshangao safari hii, inawasha sana macho. Nikamwambia, mama, ndimu haina shida ila usijikamulie machoni.

"Hilo hata mbuzi analijua, baba Nasra," akakata simu.