Orodha ya Childe na miji isiyoenea ndani yake: ustaarabu upimwe kwa vigezo gani?

Mwaka 1950 mwanaakiolojia mzaliwa wa Australia, V. Gordon Childe, alichapisha makala fupi iliyotaja mambo kumi ambayo, kwa maoni yake, yaliitenga jamii ya mjini na jamii za vijiji zilizoitangulia. Mambo hayo ni makazi makubwa yenye watu wengi, mafundi, wachukuzi, wafanyabiashara, makarani na makuhani ambao hawalimi chakula chao wenyewe, ziada ya mazao inayokusanywa kwa kodi au sadaka na kuwekwa mikononi mwa mungu au mfalme, majengo makubwa ya umma, tabaka la watawala, maandishi, elimu ya hesabu na nyota, sanaa ya mafundi waliobobea, biashara ya masafa marefu, na dola ambamo mtu ni mwenyeji kwa sababu anakaa pale, si kwa sababu ya ukoo wake. Sehemu kubwa ya yale ambayo wanafunzi hukariri darasani kama sifa za ustaarabu inatokana na orodha hii, ingawa jina la Childe lilikwisha kuachwa njiani zamani.

Wapo wanaoiona orodha hiyo kuwa kipimo halali, na wapo wanaotaka itupwe kwa sababu, wanasema, ni maelezo ya mji mmoja yaliyogeuzwa kuwa sheria ya dunia nzima. Kila upande una hoja nzito, ila uzito huo unatofautiana kutoka kigezo hadi kigezo. Ndiyo maana kuipokea orodha yote kwa mkupuo, au kuikataa yote kwa mkupuo, hakutufikishi mbali.

Nguvu yake huonekana vizuri zaidi Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, katika karne za mwisho za milenia ya nne kabla ya Kristo. Humo maandishi ya mwanzo kabisa tunayoyajua yalichorwa juu ya mabamba ya udongo, na mengi mno ya hayo mabamba hayana shairi, wala sheria, wala sifa za mfalme, bali yana hesabu: shayiri iliyoingia, kondoo waliotoka, bia, na mgao wa vibarua. Mtu akiyasoma mabamba hayo anaona kwamba mambo ya Childe hayakuokotwa hapa na pale. Mazao yanapozidi mahitaji ya mkulima huhitaji ghala. Ghala huhitaji mlinzi na karani. Karani huhitaji alama za kukumbukia. Na mwenye kushika ufunguo wa ghala, pole pole, huwa na sauti juu ya mwenzake aliyelijaza. Hii ndiyo hoja bora ya watetezi, kwamba orodha ile ni mnyororo ambao kila pingu imeshikana na nyingine, na kwa hiyo ukiona chache unaweza kutazamia kuziona na zilizobaki.

Tabu ni kwamba nje ya Iraki mnyororo huo hukatika mara kwa mara, na huwa haukatiki mahali pamoja.

Chukua dola ya Wainka, iliyotawala milima ya Andes kutoka kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile, mpaka Wahispania walipomkamata Atahualpa huko Cajamarca mwaka 1532. Ilikuwa na mtandao wa barabara unaokadiriwa kufikia kilomita 30,000 hadi 40,000, na katika mji mmoja tu wa utawala, Huánuco Pampa, maghala karibu 500 yalijengwa kwa safu mlimani. Yote haya yalifanyika bila gurudumu, bila farasi na bila maandishi ya aina yoyote tunayoweza kuyaita hivyo kwa uhakika. Kwa kipimo kikali cha Childe, Wainka wanakwama mlangoni.

Lakini tazama walichokuwa nacho mahali pa maandishi. Khipu ni kamba kuu moja iliyoning'iniziwa nyuzi nyingi za pamba au sufu, na kila uzi una mafundo yaliyopangwa kwa makundi. Kundi la chini kabisa ni la mamoja, la juu yake ni la makumi, linalofuata ni la mamia, na mahali ambapo hapana kitu uzi huachwa mtupu. Mafundo ya mamoja hufungwa kwa namna yake ya pekee, ili msomaji ajue namba imeishia wapi. Leland Locke alieleza utaratibu huo mwaka 1912, na tangu hapo hakuna shaka kwamba nyingi za kamba hizo ni vitabu vya hesabu. Wahispania wenyewe, baada ya kuiteka nchi, walikubali ushahidi wa wasomaji wa khipu mahakamani katika kesi za ushuru. Ikiwa maandishi ya Uruk yalizaliwa ili kuhesabu shayiri, na kamba za Cusco, mji mkuu wa Wainka, zikawa zinahesabu mahindi, sioni kwa nini udongo upewe cheti na pamba inyimwe.

Bonde la Mto Indus, katika Pakistani na India za leo, linaukata mnyororo mahali pengine. Kati ya mwaka 2600 na 1900 kabla ya Kristo, Mohenjo-daro na Harappa ilikuwa miji yenye mitaa iliyonyooka, mifereji ya maji machafu iliyofunikwa kwa matofali, na mawe ya mizani ya vipimo sawa yaliyotumika katika miji iliyoachana kwa mamia ya kilomita. Hata matofali ya kuchoma yalifuata uwiano mmoja, yaani kimo kimoja kwa upana mbili kwa urefu nne. Pamoja na mpango wote huo, hakuna jengo ambalo limethibitika kuwa ikulu, wala kaburi la mfalme lenye hazina, na alama fupi zilizochongwa kwenye mihuri yao hazijasomeka mpaka leo. Mtetezi wa orodha atajibu kwamba watawala lazima walikuwapo, ila hatujawaona. Jibu hilo lina udhaifu mkubwa, kwa sababu linamdhania mfalme ili kuokoa kigezo, kisha linakitumia kigezo kuthibitisha kwamba mfalme alikuwapo.

Upande wa wapinzani una shtaka jingine, nalo halihusu mantiki bali matumizi. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa mawe katika Zimbabwe ya leo, akakata kibanzi cha ubao wa juu ya mlango, akaona kinafanana na mti wa kalamu yake ya risasi. Akahitimisha kwamba ubao ule ni mwerezi, kwamba mwerezi hauna kwao ila Lebanoni, na kwamba basi mjenzi alikuwa Malkia wa Sheba. Ubao ulikuwa wa mti wa huko huko. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walichimba na kuonyesha kwamba mji ulijengwa na Waafrika wa eneo lile, lakini serikali ya walowezi ya Rhodesia, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, iliendelea kubana ukweli huo, hata Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale, akaondoka nchini mwaka 1970. Ukuta wa nje wa Boma Kuu la mji huo una mzunguko wa mita zipatazo 250 na hufikia kimo cha mita 11, mawe yamepangwa bila chokaa, na aliyeutazama akiwa amekwisha kuamini kwamba wasio na maandishi hawawezi kuwa na ustaarabu alijikuta analazimika kumtafuta mjenzi mgeni.

Shtaka hili ni la kweli, ila tusilivute kupita lilipofika. Ubaguzi wa Rhodesia haukuzaliwa na orodha ya vigezo, maana Childe aliandika miaka karibu 80 baada ya Mauch. Tena kilichoushinda ubaguzi huo kitaaluma hakikuwa ufafanuzi mlegevu wa ustaarabu, bali uchimbaji wa tabaka kwa tabaka, vigae vya vyungu vya kienyeji vilivyokutwa chini ya kuta, na vipande vya vyombo vya China na Uajemi vilivyosaidia kupanga tarehe. Ukali wa kipimo ndio uliowatetea wajenzi. Kwa sababu hiyo siungi mkono wale ambao, kwa nia njema, wanataka kila jamii iitwe ustaarabu ili pasiwe na anayeonewa. Neno likimpa kila mtu heshima, halimwelezi tena yeyote.

Kilwa Kisiwani ni mahali pazuri pa kujaribia jambo hili. Mji huo ulikuwa na msikiti mkuu wa matumbawe na chokaa, na jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika mwaka 1331 akamkuta sultani huyo akitawala. Watu wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe. Ni sarafu ndogo za shaba, upande mmoja zina jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayolingana kwa kina na jina hilo, kama katika shairi, lakini hazina mwaka wala jina la mji, jambo ambalo limewasumbua sana wanaotaka kuzipanga kwa tarehe. Moja ya sarafu za al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu. Sarafu ya shaba haifichwi chini ya kitanda kama dhahabu. Ni ya kununulia vitu vya kila siku, na haifanyi kazi mpaka muuzaji na mnunuzi wasiojuana wawe wanamwamini aliyeipiga chapa.

Mpinzani atasema kwamba Kilwa ilikuwa mji wa watu elfu kadhaa tu, na kwamba pwani haikuwa dola moja, bali miji mingi, kila mmoja na mwenye mji wake. Ni kweli, lakini hata Sumeri, nchi ya Uruk, na Ugiriki zilikuwa miji mingi iliyogombana. Atasema tena kwamba msikiti, herufi na desturi ya kupiga sarafu zilikuja na bahari. Hapa uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, unajibu vizuri: msikiti wa kwanza, wa mwishoni mwa karne ya nane, ulikuwa kijengo kidogo cha miti ndani ya makazi ya kienyeji, na mawe yalifuata baadaye, hatua kwa hatua, kadiri mji ulivyokua. Wagiriki walipokea alfabeti kutoka kwa Wafoinike, na sijasikia mtu akidai kwamba kwa hiyo Athens ilijengwa na Wafoinike.

Kwa maoni yangu, vigezo kumi vya Childe vigawanywe. Viwili ningevishikilia bila kulegeza. Cha kwanza ni kwamba kundi kubwa la watu wasiozalisha chakula wanalishwa, mwaka baada ya mwaka, na wanaokizalisha. Cha pili ni kwamba watu wasio wa ukoo mmoja wanakaa pamoja kwa kanuni zinazowabana wote. Vingine, yaani maandishi, majengo makubwa, elimu ya nyota, hata biashara ya mbali, ni njia ambazo jamii fulani zilitumia kuviwezesha hivyo viwili, na kwa kila njia inatosha kuuliza ni kazi gani ilifanywa, na pale palipokosekana kifaa kile, kazi hiyo ilifanywa na nini. Hata Göbekli Tepe ya Uturuki, ambako wawindaji na waokota matunda walisimamisha nguzo za mawe za hadi mita tano na nusu karibu mwaka 9500 kabla ya Kristo, inatuonya kwamba jengo kubwa peke yake halithibitishi kuwapo kwa mji.

Kipimo hiki kina gharama, na ni haki kuionyesha. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kuna mashamba ya kale yaliyozungushiwa mawe na kunyweshwa kwa mifereji, yapatayo kilomita za mraba 20, yaliyolimwa kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Wakulima wale walijua kupima mteremko, kugawana maji na kuzuia udongo usichukuliwe. Lakini hakuna dalili ya mji wa watu wasiolima uliolishwa na mashamba hayo. Kwa kipimo changu Engaruka ni ufundi mkubwa wa kilimo, na haiingii katika ustaarabu kwa maana ya kitaalamu. Anayeumizwa na uamuzi huo bado analichukulia neno hilo kama nishani. Mimi nalichukulia kama jina la namna moja ya kupanga maisha, na namna nyingine zina ustadi wake.

Iliyo ngumu zaidi ni Jenne-jeno, katika delta ya ndani ya Mto Niger nchini Mali, ambako Roderick na Susan McIntosh walichimba mwaka 1977 na 1981. Watu walianza kukaa hapo karibu karne ya tatu kabla ya Kristo, na baadaye mji ulifikia hekta 33, ukizungukwa na vilima vingine vya makazi vilivyo karibu karibu, vingine vikiwa na dalili za kazi maalumu kama uhunzi. Biashara ilikuwapo, mgawanyo wa kazi ulikuwapo, ukuta ulijengwa, na watu wa kazi mbalimbali waliishi jirani kwa karne nyingi. Wachimbaji hawakupata ikulu, wala ngome ya mtawala, wala makaburi yanayomtenga bwana na mtwana. Vigezo vyangu viwili vinaikubali Jenne-jeno, na kwa kuikubali vinanilazimu kusema kwamba kanuni zinazowabana wote zinaweza kudumu bila mtu mmoja wa juu anayezisimamia. Hivyo tabaka la watawala ndilo ambalo ningeliondoa kwanza katika orodha ya Childe, kabla hata ya maandishi, na anayetaka kulirudisha inambidi atuonyeshe ikulu ya Jenne-jeno iko wapi.